Mama na Mimi, Darasa Moja

Duka la Mama liko Kariakoo, kwenye mtaa mwembamba unaotokea barabara ya Msimbazi. Anauza vitambaa vya mapazia: jora kwa wanaotoka mikoani, mita kwa wenye nyumba zao. Walilianzisha yeye na baba walipoteremka kutoka Kilimanjaro wakiwa bado maharusi. Baba alipofariki niliacha kazi yangu ya ofisini nikaja kumsaidia. Kumsaidia ndivyo nilivyowaambia watu, ila ukweli ni kwamba Mama alikuwa anauza na mimi nilikuwa nakata. Kwenye duka lile mwenye maneno ni mmoja tu. Mama anaweza kumwita mteja aliyekwishapita maduka matatu, akamrudisha, akamketisha, akamuuliza habari za watoto, na yule mtu akaondoka na pazia la sebuleni ilhali alikuja kutafuta soksi. Mimi nilikuwa nashika mkasi na kuitikia.

Habari ya Kiitaliano ilianzia pale pale dukani, Ijumaa moja mchana, wateja wamepungua kwa sababu ya swala. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka kadhaa Italia. Alienda kusomea uuguzi, akapata kazi hospitalini, halafu akapata mchumba, kijana wa huko huko. Siku hiyo alipiga simu ya video akasema yuko nyumbani kwa mama wa mchumba wake, na mama huyo anataka kumsalimia Mama.

Mama alijifuta uso kwa upande wa kitenge, akaweka kilemba sawa, akashika simu kwa mikono miwili. Kwenye kioo akatokea bibi mmoja wa nywele nyeupe, miwani imemshuka puani. Akacheka. Mama naye akacheka. Bibi akasema kitu kirefu, Mama akatikisa kichwa na kucheka zaidi. Bibi akapunga mkono, Mama akapunga mkono. Wakaendelea hivyo mpaka mtandao ukakatika wenyewe.

Mama aliweka simu juu ya jora.

"Nimecheka mpaka mashavu yanauma," akasema, "na sijui nimecheka nini."

Jioni mdogo wangu alipopiga tena, Mama alikuwa amekwishaamua. Alikuwa na safari ya kwenda kuwaona wakwe kabla ya harusi, na mdogo wangu alikuwa amemwambia asiwe na wasiwasi, yeye mwenyewe atatafsiri kila kitu.

"Hapana," Mama akasema. "Wewe ndiye bibi harusi. Bibi harusi hatafsiri posa yake mwenyewe. Nitafutie shule."

"Shule gani, Mama?"

"Si uliniambia kuna shule za wageni za lugha? Nitafutie. Nitakaa hata mwezi. Na kaka yako anakuja, siwezi kwenda kwa wakwe bila mwanamume wa nyumba."

Hakuniuliza. Nilikuwa nimesimama pembeni na mkasi wangu, nikajikuta mwanafunzi.

Basi tukaanza kujiandaa. Mdogo wangu alikuwa anatuma sauti kwenye simu, na Mama anazirudia huku akipanga mzigo. Alijifunza kuhesabu kwa kuhesabu majora: uno, due, tre. Jirani yetu wa duka la mbele, mzee wa Lindi anayeuza mito na magodoro, alimsikiliza siku mbili tatu halafu akaja kusimama mlangoni.

"Mama, samahani nikuulize. Mbona kila ukishika jora la pili unaomba dua?"

"Siombi dua. Nasema due. Ni mbili."

"Aa. Nikadhani biashara imekuwa ngumu kiasi hicho." Akanigeukia mimi. Yeye huniita Mangi, kama wengi wanavyowaita Wachaga wenye maduka. "Na wewe Mangi unasoma?"

Nikamwambia nasoma. Akasema Mungu atusaidie, maana yeye Kiarabu alikisoma utotoni chini ya fimbo na bado hakikukaa.

Kilichomsumbua Mama kuliko vyote ni neno la kukubali. Waitaliano wakikubali wanasema "sì". Sasa mtu ambaye maisha yake yote "si" ni kukana, utamfundishaje leo kwamba ni kukubali? "Kila nikikubali nasikia nakataa," alilalamika. Akawa anasema "sì" huku akitikisa kichwa juu chini kwa nguvu sana, ili kichwa kisahihishe mdomo.

Mama mdogo, yaani mdogo wake Mama anayeishi Ilala, akaja kushika duka. Tukaondoka.

Mji wenyewe ulikuwa wa kaskazini, mji wa zamani, na njia zake za miguu zimeezekwa juu mtaa mzima, unaweza kutembea nusu saa mvua inanyesha usilowe. Mama aliupenda kwa hilo tu. "Hapa hata masika mtu anauza," akasema, akitazama juu kama fundi anayekagua. Tulifikia kwa mdogo wangu, nyumba ya chumba kimoja na sebule. Yeye na Mama chumbani, mimi kwenye kochi. Na mimi nilipata tatizo langu siku ya kwanza. Mdogo wangu tangu aanze kuongea hajawahi kuniita jina, ananiita Kaka. Tuko sokoni, watu wamejaa, ananitafuta: "Kaka! Kaka!" Watoto wakaanza kucheka, wamama wakageuka. Kumbe kwao neno lile, kwa jinsi linavyosikika, ni kinyesi cha mtoto. Mama alipoelezwa alicheka mpaka akashika ukuta. Mwezi mzima akawa ananitania kwa jina hilo, yeye ambaye siku zote huniita "baba".

Shule ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vioo. Darasa letu lilikuwa na watu wachache: kijana wa Korea aliyekuja kujifunza kuimba, dada wawili wa Ukraine, padri wa India, na sisi. Asubuhi ya kwanza mwalimu aliingia, mwanamke wa makamo, mwembamba, amevaa viatu vyekundu. Mama akasimama wima, mikono pembeni, kama alivyofundishwa shule ya msingi kule mlimani. Nikaona siwezi kumwacha Mama amesimama peke yake, nikasimama. Padri akatutazama, naye akasimama. Wale wengine wakadhani ndivyo inavyotakiwa. Mwalimu akabaki mlangoni na vitabu vyake, amezungukwa na watu wazima waliosimama, akaangalia nyuma kuona ni nani mkubwa aliyeingia.

Alipoelewa kuwa ni yeye, aliona haya mpaka masikio. Lakini hakutuambia tuache. Kila asubuhi darasa zima lilisimama, mpaka mwisho wa mwezi.

Sikutegemea kilichofuata. Mimi nilishika haraka. Vitenzi vyao vinabadilika mikia, vya kwetu vinabadilika vichwa, lakini ukishajua kwamba mchezo ni ule ule, hutishiki. Nilikuwa nainua mkono. Nilikuwa namjibu mwalimu. Na Mama alikuwa amekaa pembeni yangu kimya, kalamu mkononi, midomo imebana. Akiulizwa anasema "sì" na kutikisa kichwa. Akiulizwa zaidi ananitazama. Sijawahi kumwona Mama akimtazama mtu kwa kuomba neno. Mara ya kwanza nilipoona nilishusha macho kwenye kitabu, kwa sababu ilikuwa kama nimeingia chumbani kwake bila kubisha hodi.

Mwalimu alikuwa mpole. Alikuwa anamwambia "piano, piano", yaani polepole, polepole, na Mama alifurahi kugundua kwamba hata wao wanayarudia maneno mara mbili kama sisi. Lakini furaha ya neno moja haikutosha. Jioni tukirudi alikuwa anasema amechoka, analala kabla ya chakula.

Wiki ya pili tukafika somo la familia. Kila mtu amweleze mtu mmoja wa nyumbani kwake. Padri alimweleza mama yake, kijana wa Korea akamweleza mbwa. Zamu ya Mama ilipofika, nilijiandaa kumnong'oneza. Hakunitazama. Alikuwa amejitayarisha mwenyewe, sijui saa ngapi. Akasimama, akashika ukingo wa meza.

"Mio marito è alto," akasema. Mume wangu ni mrefu. "È buono." Ni mwema. "Vende tende." Anauza mapazia.

Darasa likapiga makofi. Yalikuwa maneno yake mengi kuliko yote tangu tufike. Mwalimu, kwa furaha, akamuuliza mumewe yuko wapi sasa, yuko dukani?

Mama alilielewa swali. Akajibu vizuri kabisa: "No. È morto." Amekufa.

Mwalimu akaweka mkono kifuani. Akasema pole, kwa namna yao. Halafu, kwa kuwa ni mwalimu na hiyo ndiyo kazi yake, akageukia ubao akafuta "è" na kuandika "era". Si "ni mrefu", ni "alikuwa mrefu". Si "ni mwema", ni "alikuwa mwema".

Mama alinakili yote mawili, kwa mwandiko wake mkubwa. Akafunga daftari. Akachukua mkoba wake, akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Natoka kidogo, baba," akatoka, na hakurudi siku hiyo.

Pale nilipokaa nikiangalia ubao ndipo nilipolisikia jambo ambalo nilikuwa nalisikia kila siku bila kulisikia. Tangu baba afariki, Mama hajawahi kumweka nyuma. Dukani anasema, "Rangi hii baba yenu haipendi." Anasema, "Baba yenu anasema mteja wa asubuhi harudishwi." Miaka yote ile, mbele yangu, mbele ya Mama mdogo, mbele ya wateja, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Sidhani hata kama kuna aliyetaka. Ilibidi tuvuke bahari, na mtu asiyetujua ashike kalamu, ndipo aandikiwe ubaoni kwamba alikuwa.

Kesho yake tulitoka pamoja kama kawaida. Tulipofika kwenye kanisa la mtaa wa pili kutoka shuleni, Mama akasema, "Wewe nenda," akaingia. Na siku iliyofuata hivyo hivyo. Sikumuuliza kwa nini. Jioni ananiambia tu kwamba misa ilikuwa nzuri.

"Unaelewa wanachosema?" nilimuuliza.

"Misa ni misa. Najua tumefika wapi. Wakisimama nasimama kwa sababu najua kwa nini tunasimama. Kuna wazee wawili wananiwekea nafasi."

Nikaelewa alichokuwa anakitafuta. Ilikuwa ndiyo sehemu pekee mjini pale ambapo hakuwa mjinga.

Mwalimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchoka kusubiri. Baada ya kipindi aliniuliza Mama yuko wapi. Nikajaribu kueleza, maneno yakanipungukia, nikaonyesha dirishani upande wa mnara wa kanisa. Kesho yake alikuja mapema na viatu vyake vyekundu, akaniambia twende. Tulikuta misa imefika katikati. Akapenya akakaa benchi la Mama, mimi nyuma yao. Ulipofika wakati wa kupeana amani, Mama aligeuka kumpa mkono jirani yake, akakuta ni mwalimu. Wakapeana mikono. Hakuna aliyecheka, ila Mama hakuuachia ule mkono mara moja.

Baadaye tulienda kunywa kahawa, tumesimama kwenye kaunta kama wanavyokunywa wao, haraka haraka kama mtu anayekunywa dawa. Mwalimu aliongea na mimi nikatafsiri, nusu kwa kujua na nusu kwa kukisia. Alisema anaomba radhi, alikimbilia kusahihisha kabla ya kusikiliza. Halafu akasema Kiitaliano kina njia mbili za kusema yaliyopita. Iko moja ya jambo lililotokea likaisha, kama kuvunja glasi. Na iko nyingine, hii ya "era", ya mambo yaliyokuwa yakiendelea, siku hadi siku. Ukiitumia, humwambii mtu yameisha lini.

Nilipofika hapo nilisita nikafikiri, kisha nikamwambia Mama, "Ni kama tunavyosema alikuwa akicheka, alikuwa akija. Huoneshi mwisho."

Mama alizungusha kikombe. Mtu wa kaunta akaja kufuta mbele yetu.

"Mwambie," akasema, "waliomfundisha hiyo lugha walikuwa na adabu." Halafu akaongeza, "Na mwambie kahawa yao ni nzuri ila wanainyima maji."

Alirudi darasani asubuhi ile ile. Siwezi kusema kwamba tangu hapo aliongea kama mwenyeji. Aliongea vibaya, kwa sauti, akichanganya vya kike na vya kiume, akimwita padri "mtawa mzuri wa kike". Lakini aliongea. Alianza kuniziba mdomo nikitaka kumsaidia, kwa kiganja hasa, mbele ya watu, na mimi nikawa nimerudishwa kwenye mkasi wangu, na moyo wangu ukatulia.

Jumapili ya tatu tukaenda kwa wakwe. Ni mji mdogo, mwendo mfupi wa treni, nyumba ya mawe yenye bustani ya nyanya upande wa jua. Mama alivaa gauni la kitenge na kilemba cha harusi. Tumebeba kahawa ya nyumbani, tumebeba vitenge, na Mama amebeba kichwani hotuba aliyoitengeneza na mwalimu wiki nzima.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Kwenye simu alionekana mkubwa. Kumbe ni kibibi kifupi, kimevaa aproni, na umri wake umempita Mama kwa miaka mingi. Alipotuona alikohoa, akajinyoosha kama mtoto anayeenda kukariri, akasema kwa sauti ya juu:

"Shikamoo, mama!"

Mdogo wangu alikuwa amemfundisha. Alimfundisha neno, hakumfundisha nani humpa nani.

Mama akaganda. Mtu aliyemzidi umri amempa shikamoo. Akiitikia "marahaba", atakuwa amejikweza juu ya mkubwa wake mlangoni pake. Asipoitikia, amemdharau mkwe. Nikaona macho yake yanakwenda huku na huku. Akapiga goti kidogo akasema, "Shikamoo."

Bibi wa watu alikuwa ameambiwa atajibiwa neno lingine. Akadhani amekosea kutamka. Akarudia, kwa nguvu zaidi: "Shikamoo!"

"Shikamoo, mama," Mama akasema, goti limeshuka zaidi.

"Shi-ka-moo!"

Mdogo wangu alikuwa ameinama, mabega yanatikisika. Mimi siwezi kuingilia, mimi ni mtoto wa wote wawili. Wakaendelea kushushiana heshima pale mlangoni, kila mmoja chini ya mwenzake, mpaka mchumba, ambaye alikuwa nyuma amebeba mifuko yetu, akaona jambo halina mwisho, akapaza sauti yake nzito: "Marahabaaa!"

Mama alisimama wima akamtazama kuanzia miguuni.

"Haya," akasema kwa Kiswahili. "Tumepata mzee wa ukoo."

Mdogo wangu alipotafsiri, mama mkwe alicheka akaangukia kifuani kwa Mama, na tukaingia ndani hivyo, wamekumbatiana.

Chakula kilikuwa kirefu. Kila tukidhani tumemaliza, sahani inabadilishwa. Baada ya nyama, Mama akaniambia kwa jicho kwamba wakati umefika. Akasimama. Akaanza vizuri: mimi ni mama wa binti huyu, tumetoka mbali, tumekuja kwa heshima. Sentensi ya nne ikakimbia. Nilikuwa naijua, mwalimu alitukaririsha wote, nikafungua mdomo. Akainua kiganja. Akatazama mbele yake. Ukutani nyuma ya mama mkwe palikuwa na picha ya marehemu mumewe, mwenye masharubu, amekaa juu ya trekta.

Mama akaiacha hotuba. Akaelekeza mkono kwenye picha, akamuuliza mama mkwe, polepole:

"Com'era, suo marito?"

Mume wako alikuwa mtu wa namna gani.

Nilisikia "era" ile ikitoka kinywani mwake, safi, bila kutetemeka. Mama mkwe aliweka kisu chini. Aligeuka kuangalia picha kana kwamba imetundikwa siku hiyo. Halafu akaanza kusema. Alisema muda mrefu sana, na mimi niliyekuwa hodari wa darasa nilipata sentensi moja moja: alikuwa akiamka kabla ya jogoo, alikuwa akiimba vibaya, alikuwa akiogopa meno yake kung'olewa. Mama sidhani kama alipata robo. Lakini alikuwa amesogeza kiti, ameshika mkono wa yule bibi, anasema "sì, sì" na safari hii kichwa hakikuhitaji kuusaidia mdomo. Mchumba alikuwa ameacha kula. Baadaye alimwambia mdogo wangu kwamba habari ile ya meno alikuwa haijui, na kwamba tangu baba yake afe, nyumbani hawakuwa wakimtaja mezani.

Mama mkwe alipomaliza, akamuuliza Mama swali lile lile. Na Mama akajibu. Alto. Buono. Kisha akaongeza ambayo hakuwa ameyasema darasani, kwa Kiitaliano kilichovunjika vibaya: kwamba alikuwa akipima kitambaa anazidisha kidogo, makusudi, na yeye alikuwa akigombana naye kila siku, na sasa yeye mwenyewe anazidisha.

Hilo sikuwa nalijua. Yeye hupima, mimi hukata tu. Nilidhani Mama macho yamepungua.

Mwisho wa mwezi kulikuwa na mtihani. Mimi nilifaulu, Mama alianguka, padri alianguka pia, wakapongezana. Siku ya kuagana darasa lilisimama kama kawaida, na mwalimu alisimama nasi, hakuketi. Mama alimpa jora la pazia, ndiyo, alikuwa amelibeba kutoka Dar kwenye sanduku, na kumwambia kwa Kiitaliano apime dirisha kwanza kabla ya kukata.

Harusi ilifungwa Dar, na mama mkwe akaja akakaa kwetu karibu mwezi mzima. Joto lilimtesa siku za mwanzo. Tulimwekea kiti dukani chini ya feni, akawa anakaa na Mama kutwa. Jirani yetu wa Lindi alimwita "mkwe wetu" kuanzia siku ya kwanza na kumletea mto wa kuegemea. Wateja walikuwa wanaingia kumtazama, na Mama hakuwaacha watoke mikono mitupu.

Asubuhi moja mama mkwe alisema anataka kwenda soko la Feri kuona samaki. Nikampeleka. Alipita kwenye meza za samaki mikono nyuma, akinusa, akifungua mashavu ya kolekole bila kuomba ruhusa. Alipofika kwa wauza pweza akasimama. Akachagua mmoja mkubwa, akabishana bei na muuzaji kwa vidole, na muuzaji, kijana mwenye aproni ya plastiki, akaniambia, "Bro, huyu bibi mzungu wa wapi? Haongezi hata shilingi!"

Tulipopita dukani na mfuko, jirani akachungulia. Akasema pweza asipopigwa atakuwa mpira. Mama mkwe hakuhitaji tafsiri, naye alikuwa akionyesha kwa mkono jambo hilo hilo: kupiga, kupiga, ukutani. Mzee wa Lindi na bibi wa Italia wakazunguka nyuma ya duka, wakapata jiwe, wakapokezana. Mtaa mzima ulisimama kuangalia.

Mama alikuwa amekaa ndani ameziba pua kwa upande wa kitenge. Sisi ni watu wa mlimani. Kwetu chakula ni ndizi, nyama, maharage. Miaka yote ya Dar, Mama hajawahi kuruhusu pweza apite mlangoni kwake. Anamwita mdudu.

Mchana ule mama mkwe alimchemsha kwenye sufuria yetu ya pilau, akamkata vipande, akamchanganya na viazi, limau, mafuta na majani ya kotimiri. Akapakua sahani ya kwanza akaiweka mbele ya Mama, akakaa kumtazama. Tulikuwa wote mezani: maharusi, Mama mdogo, mimi, na jirani tuliyemkaribisha kwa kazi aliyoifanya.

Mama alifanya ishara ya msalaba. Akachukua kipande kidogo kuliko vyote, akakiweka mdomoni, akafumba macho. Akatafuna. Tukasubiri. Akaendelea kutafuna.

"Buono?" mama mkwe akauliza.

"Buono," Mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Kisha akavuta bakuli karibu, na kwa utulivu mkubwa, huku akimsifu mpishi, akala viazi vyote.